Sandarusi, merikani na nyumba ya Essex Street

Ukishuka treni Salem, watu hudhani umekuja kuona wachawi. Mji huu mdogo wa jimbo la Massachusetts, mwendo wa nusu saa hivi kwa treni kutoka Boston, umepata jina duniani kwa kesi za mwaka 1692, pale watu 19 waliponyongwa kwa tuhuma za uchawi. Kila Oktoba mitaa yake hujaa wageni waliovaa kofia ndefu nyeusi, na maduka huuza mifagio. Mimi nilikwenda mwezi wa Februari. Theluji ilikuwa imeshakanyagwa ikawa barafu, upepo wa baharini unakata masikio, na njiani hapakuwa na mtu ila mwanamke mmoja aliyekuwa akimvuta mbwa wake. Sikufuata wachawi. Nilifuata nyumba ya matofali iliyoko Essex Street, namba 370, ambayo leo ndiyo maktaba ya mji.

Ni nyumba nzito. Ina ghorofa tatu, kuta zake ni za matofali ya kuchoma, na madirisha yamezungushiwa jiwe la mchanga la rangi ya hudhurungi. Juu, pale ukuta unapokutana na paa, kuna ukingo mnene uliojitokeza mbele na kubebwa na vikono vya kuchonga, mithili ya rafu kubwa iliyozunguka kichwa cha nyumba. Mlangoni kuna ukumbi wenye nguzo. Mtindo wake huitwa wa Kiitaliano, kwa sababu matajiri wa Marekani na Uingereza wa katikati ya karne ya 19 walipenda nyumba zao zifanane na majumba ya wafanyabiashara wa Florence na Venice. Ilijengwa mwaka 1855. Malkia Victoria alikuwa amekalia kiti cha Uingereza tangu 1837, na ingawa Wamarekani walikuwa wameshaachana na wafalme, majengo yao ya enzi hiyo nayo huitwa kwa jina lake hadi leo.

Nilisimama upande wa pili wa barabara nikaitazama kwa muda mrefu kuliko baridi ilivyoruhusu. Aliyeijenga alikuwa Kapteni John Bertram, na Kapteni Bertram aliupata utajiri wake kwetu.

Mimi ni mtoto wa Unguja. Neno Marekani nililijua kama kitambaa kabla sijalijua kama nchi. Bibi yangu alikuwa na foronya za merikani, kitambaa cheupe kisichopaushwa, kigumu kikiwa kipya, ambacho kila kikifuliwa kinazidi kulainika mpaka kikawa kama ngozi ya mtoto. Alikuwa akisema, "Hii merikani ya kweli, si hii mnayouziwa siku hizi." Sikuwahi kumuuliza kwa nini kitambaa kimeitwa jina la nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Mtoto haulizi jina la foronya.

Jibu lake liko Salem, na miji ya viwanda iliyo jirani nayo. Kuanzia miaka ya 1820, merikebu za Salem zilianza kutia nanga Unguja. Mwaka 1833 Edmund Roberts, mfanyabiashara aliyetumwa na serikali ya Marekani, aliwekeana mkataba na Seyyid Said huko Maskati, na ushuru wa shehena zinazoshushwa ukawekwa asilimia 5. Mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, kijana wa Salem, akafungua ofisi Unguja, miaka minne kabla Waingereza hawajaleta wa kwao. Kwa hiyo mwaka uleule Victoria alipoingia madarakani London, mtu wa Salem alikuwa anatafuta nyumba ya kupanga katika Mji Mkongwe.

Walileta nini? Bunduki, baruti, vyombo vya shaba, saa, reale za fedha. Lakini zaidi ya vyote walileta kitambaa cha pamba kilichofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, na mwaka 1847 Salem yenyewe ikafungua kinu chake kikubwa kilichoendeshwa kwa mvuke, Naumkeag. Kitambaa hicho kilikuwa imara na bei yake haikuumiza, na watu wa bara walikipenda kuliko kingine chochote. Kilifika mbali kuliko Mmarekani yeyote. Njia ya misafara ya kwenda Tabora na Ujiji ililipiwa kwa hicho: shuka ilikuwa yadi 2, doti yadi 4, na jora zima la merikani lilihesabiwa yadi 30. Chakula cha wapagazi kilinunuliwa kwa merikani, na hongo za machifu zililipwa kwa merikani. Stanley alipofika Unguja mwaka 1871 kujiandaa kumtafuta Livingstone, alipokewa na balozi wa Marekani, Kapteni Webb, ambaye pia alikuwa mtu wa nyumba ya biashara ya Bertram, na sehemu kubwa ya maandalizi yake ilikuwa kuhesabu majora.

Nao waliondoka na pembe, karafuu, ngozi, na sandarusi.

Hapa kwenye sandarusi naomba msomaji anivumilie, maana ndiyo iliyonipeleka Salem katikati ya baridi. Sandarusi ni utomvu wa mti uliogeuka jiwe. Mti wenyewe huitwa msandarusi, na huota pwani ya Mrima. Utomvu ukidondoka na kufukiwa ardhini kwa karne nyingi, hukauka ukawa mgumu, wenye rangi ya asali, na mara nyingine ndani yake humo mdudu aliyenaswa, amekaa vilevile alivyokuwa siku ile. Watu wa Uzaramo, na pwani yote kuelekea Rufiji na Kilwa, walikuwa wakiuchimba kwa majembe kwenye vishimo vifupi, hasa baada ya mvua ardhi inapokuwa laini. Ule mbichi, ambao haujazeeka ardhini, waliuita chakazi, na haukuwa na bei. Wafanyabiashara wa Kizungu wakashindwa kulitamka neno hilo, wakalikorofisha kidogo kidogo mpaka likawa neno la kwao, jackass, lenye maana ya punda. Kwenye vitabu vya biashara vya London na Salem daraja la chini la sandarusi liliandikwa kwa jina la punda, na ukilichimbua unakuta chini yake Kiswahili.

Kazi ya sandarusi ilikuwa vanishi. Iliyeyushwa kwa moto mkali, ikachanganywa na mafuta ya kitani, ikapakwa kwenye magari ya farasi, samani, ngazi na milango. Vanishi ya sandarusi ya Unguja ilikuwa na sifa ya kuwa ngumu na yenye kung'aa kuliko nyingine, na wajenzi wa magari ya kifahari hawakutaka kusikia habari ya badala yake. Kila mtu wa Boston au New York wa miaka ya 1850 aliyeuona uso wake ukicheza kwenye mlango wa gari la tajiri, alikuwa anajitazama kwenye utomvu wa Mrima.

John Bertram alizaliwa mwaka 1796 kisiwani Jersey, katika bahari iliyoko kati ya Uingereza na Ufaransa, akaletwa Salem angali mtoto. Hakuzaliwa na mali. Alianza baharini akiwa kijana, akapanda daraja moja baada ya jingine mpaka akawa nahodha. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 alikwenda na merikebu iitwayo Black Warrior hadi Unguja, na mwaka 1832 akarudi Salem na shehena kubwa ya sandarusi ambayo haijasafishwa. Wenzake walikuwa wakinunua kidogo kidogo. Yeye alichukua nyingi, chafu kama ilivyotoka ardhini, akaamini kwamba mji wake utajua cha kufanya nayo. Ukajua. Muda si mrefu Jonathan Whipple akafungua karakana ya kuisafisha karibu na ufuko, mwisho wa Turner Street. Sandarusi ililowekwa kwenye maji ya magadi makali mpaka gamba la udongo likalegea, ikasuguliwa kwa brashi, ikaanikwa juani. Baada ya kusafishwa, uso wake huwa na vipele vidogo vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na hapo ndipo mnunuzi hujua kwamba ni ya kweli. Kwa karibu miaka 30 Salem ikawa ndiyo dobi wa sandarusi wa Marekani yote, mpaka ushuru mpya wa mwaka 1861 ulipofanya isiwe na faida kuileta ikiwa chafu.

Baada ya safari ile Bertram hakuhitaji kusafiri tena. Alikaa nchi kavu akatuma merikebu. Zilikwenda Unguja, Madagaska, Maskati, na dhahabu ilipogunduliwa California naye alikuwamo miongoni mwa wa mwanzo kupeleka bidhaa huko. Baadaye aliingia kwenye reli. Sitaki kusema kwamba kila tofali la nyumba yake limetoka Unguja. Lakini mlango wa bahati yake ulifunguliwa kwetu, na alipojenga mwaka 1855 biashara ya Unguja ilikuwa ingali mkononi mwake.

Sasa niingie ndani, maana nje palikuwa hapavumiliki.

Kitu cha kwanza kinachokujulisha kwamba maktaba hii ilizaliwa ikiwa nyumba ni kwamba ina vyumba. Hilo laweza kuonekana dogo. Maktaba zilizojengwa ziwe maktaba huwa na ukumbi: unaingia, unauona uwanja mzima wa vitabu kwa mpigo mmoja, na mkutubi amekaa katikati kama nahodha. Hapa unaingia kama mgeni anavyoingia kwa watu. Kuna ngazi ya nyumba, kuna mlango wa kushoto na wa kulia, kuna dari za juu zilizopambwa kwa plasta, na sehemu za moto ambazo hazihitajiki tena. Unakwenda kutoka chumba hadi chumba. Katika kimoja niliona mzee amelala na gazeti kifuani, na hakuna aliyemwamsha.

Ili kuelewa jinsi hali hii isivyo ya kawaida, inafaa kujua kilichokuwa kikijengwa jirani. Miaka ya 1870 na 1880, katika miji midogo iliyozunguka Boston, msanifu H. H. Richardson alikuwa akijenga maktaba ambazo wasomi wa usanifu bado wanazisafiria: Woburn iliyokamilika mwaka 1879, Quincy mwaka 1882, Malden mwaka 1885. Ni majengo ya mawe mazito, yenye matao ya duara na minara, ambayo ukiyatazama harakaharaka utadhani ni makanisa ya Ufaransa ya zama za kati. Karibu kila moja lina tajiri aliyeligharimia na maiti anayekumbukwa. Ile ya Malden ilitolewa na Elisha Converse, mwenye kiwanda cha viatu vya mpira, kwa kumbukumbu ya mwanawe kijana aliyepigwa risasi mwaka 1863 alipokuwa zamu peke yake katika benki ya mji, akafa. Nimeingia Malden. Ni pazuri mno, na pana huzuni iliyogeuzwa jiwe. Lakini wakutubi wa wakati ule walikuwa na malalamiko yao kuhusu majengo ya namna hiyo, na nadhani walikuwa na haki: vitabu vimepangwa kwenye ukumbi mrefu wa kupendeza macho, joto linapanda juu na kuharibu ngozi za majalada, na mkutubi anapanda na kushuka ngazi mchana kutwa ili jengo lionekane kama picha.

Salem haikuhitaji jengo jipya. Bertram alifariki mwaka 1882, na mwaka 1887 warithi wake wakaikabidhi nyumba kwa mji ili iwe maktaba ya watu wote. Milango ilifunguliwa tarehe 8 Julai 1889. Mtu anaweza kushangaa kwamba mji tajiri kama huo, wenye makumbusho ya mabaharia wake tangu mwaka 1799, ulichelewa kiasi hicho. Jirani zake wengi walikuwa wametangulia. Massachusetts ilishapitisha tangu 1851 sheria ya kuruhusu miji kutumia kodi kwa ajili ya maktaba. Vitabu Salem vilikuwapo, tena vingi, ila vilikuwa vya vyama: ulilipa hisa, ukawa mwanachama, ukasoma. Asiyekuwa na hisa hakusoma. Mpaka nyumba ya Bertram ilipofunguliwa.

Kuigeuza nyumba kuwa maktaba ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Sakafu ya sebule imejengwa ibebe watu ishirini wanaokunywa chai, haikujengwa ibebe kabati la vitabu kila ukuta, na vitabu ni vizito kama mawe. Kuta za ndani zinaziba macho ya mkutubi. Vyumba vya kulala vya ghorofa ya juu ni vidogo, na ngazi ni moja ya heshima na nyingine ya watumishi. Siku hizo msomaji hakuruhusiwa kuchakura rafu mwenyewe. Aliomba kitabu mezani, akaletewa. Mpango huo ndio ulioifaa nyumba, kwa sababu vitabu vingeweza kukaa nyuma, na vyumba vizuri vya mbele vikaachiwa wasomaji. Mwanzoni mwa karne ya 20 mji uliongeza jengo kwa nyuma, na uzito wa vitabu ukahamia huko. Ukizunguka nje utaona pale nyumba ya Kapteni inapoishia na pale maktaba inapoanzia. Mimi napenda mishono ya namna hii. Kwetu Mji Mkongwe kila nyumba ina mshono: hapa babu aliongeza chumba cha harusi, hapa ghorofa iliongezwa karafuu zilipopanda bei.

Nikiwa ndani nikajikuta nazilinganisha nyumba mbili za biashara moja. Mfanyabiashara wa Unguja wa mwaka 1855 alijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake ilibebwa na boriti za mikoko. Boriti hazina urefu. Zinatosha kama mita tatu tu. Kwa hiyo chumba cha Mji Mkongwe ni chembamba na kirefu kama chombo, hata mwenye nyumba awe na mali ya kiasi gani. Bertram alikuwa na misitu ya misonobari nyuma yake, na mbao ndefu alizotaka. Vyumba vyake vikapanuka pande zote. Kwetu utajiri ulioneshwa mlangoni, kwenye nakshi na misumari ya shaba, na ndani ukafichwa. Kwake ulioneshwa kwenye madirisha makubwa na ule ukingo wa juu, ili mpita njia aone. Wote wawili walijenga wakiwa na bahari akilini, na bahari imewala wote wawili. Chumvi na mvua zinatafuna chokaa ya kwetu. Huku, maji huingia kwenye matabaka ya jiwe la hudhurungi, yakaganda, yakavimba, na jiwe likaambuka ganda kwa ganda kama kitunguu. Mwaka 2020, siku ya Krismasi, sehemu ya Beit el-Ajaib ya Seyyid Barghash iliporomoka pale Forodhani. Nilikuwa mbali, niliiona kwenye simu, na sikuweza kula siku ile. Kila ninapoona nyumba ya karne ya 19 imetunzwa, na wanaoitunza ni watu wanaolipa kodi zao kwa hiari ili iwe wazi, moyo wangu unakwenda Forodhani.

Kwa mchana ule nilimpigia mama simu. Kwetu ilikuwa usiku, umeme umekatika, alikuwa barazani.

"Uko wapi, mbona kimya hivyo?"

"Niko maktaba, mama. Maktaba ya Salem. Hii nyumba ilikuwa ya mtu aliyekuwa akileta merikani Unguja."

"Merikani? Ile ya bibi yako?"

"Ileile."

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Basi alitajirika, maana kila mtu alivaa. Wazima na wafu."

Sikuwa nimelifikiria hilo la wafu. Merikani ilikuwa nguo ya kuanzia na ya kumalizia: ilivaliwa shambani, ilitandikwa kitandani, na wengine walizikwa ndani yake.

Na kabla hatujafurahi sana, kuna jambo lazima lisemwe. Pamba ya ile merikani ilivunwa na watumwa wa majimbo ya Kusini mwa Marekani. Ilisafirishwa kwenda Kaskazini, ikafumwa na wasichana wa mashambani na wahamiaji, ikapakiwa Salem, ikashushwa Unguja, ambako pia kulikuwa na watumwa. Karafuu zilizorudi kwenye merikebu zilichumwa nao. Pembe zilibebwa mabegani kutoka bara kwa miezi, na wengi waliozibeba hawakufika, au walifika wakauzwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria mwaka 1897. Yule balozi Waters alikuwa mtu wa dini, na kwao alikuwa upande wa wale waliotaka utumwa ukomeshwe. Unguja aliuona kila siku, ukamuumiza, na biashara ikaendelea. Simhukumu kwa wepesi, kwa sababu na wazee wangu mimi walikuwamo katika biashara ileile, na hakuna aliyeniandikia daftari lao. Ila nikigusa ule mbao wa ngazi unaong'aa, nataka nijue mikono yote iliyoupitia: ya Mzaramo aliyechimba, ya yule aliyeosha kwa magadi mpaka vidole vikachubuka, ya aliyevuna pamba Georgia, ya nahodha.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, ndivyo vilivyoivunja biashara hiyo. Pamba ya Kusini haikupatikana tena, bei ya kitambaa ikapanda, na wafanyabiashara wa Bombay na Uingereza wakaingia na vitambaa vyao. Watu wakaendelea kukiita merikani hata kilipotoka Bombay. Bandari ya Salem nayo ilikuwa na kina kifupi, merikebu zilizidi kuwa kubwa, na mizigo ikahamia Boston na New York. Merikebu ya mwisho kuingia Salem kutoka Unguja, Glide, ilifika tarehe 1 Mei 1870. Pembe ziliendelea kuja kwa miaka mingi baada ya hapo, lakini zilikwenda jimbo la Connecticut, kwenye vijiji vya Deep River na Ivoryton, ambako zilikatwa vibao vya piano. Kwa Salem, mlango wa Unguja ulikuwa umefungwa.

Bertram wakati huo alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, na katika miaka iliyombakia alitoa. Alitoa mali kuanzisha hospitali ya mji mwaka 1873, na baada yake makao ya wazee wanaume wasio na watu. Nyumba yake ikafuata, kwa mikono ya warithi. Mjukuu wake, Caroline Emmerton, mwaka 1908 alinunua nyumba kuukuu ya ufukweni, ile maarufu ya paa saba, akaikarabati na kuifungua kwa wageni ili kiingilio chao kisaidie kuwafundisha wahamiaji wa mtaa ule lugha na kazi za mikono. Nyumba hiyo iko Turner Street. Mwisho wa barabara ileile ambako Whipple alikuwa akiosha sandarusi iliyoletwa na babu yake.

Nilitembea hadi huko jioni ile. Hakuna karakana tena, hakuna kibao kinachosema ilikuwapo. Kuna bahari ya kijivu, boti zilizofunikwa turubai, na harufu ya mwani ambayo ingekuwa ya kwetu kama si baridi. Nilitafuta kwa macho kwenye mawe ya ufukweni kipande chochote chenye rangi ya asali. Najua miaka 160 ni mingi. Nilitafuta tu.

Nikarudi maktaba kwa sababu treni ilikuwa bado. Taa za madirisha zilikuwa zimewashwa, na usiku nyumba ile inapendeza zaidi, matofali yanakuwa mekundu kama ndani ya tanuri. Nilimwendea mkutubi mezani, mwanamke wa makamo mwenye sweta la kijani, nikamuuliza kama wana chochote kuhusu safari za Unguja. Aliniletea zaidi ya nilivyoomba. Mara mbili. Kwenye kitabu kimoja kulikuwa na orodha ya shehena, na mwandishi alikuwa ameandika jina la lile daraja la chini la sandarusi, lile jina la punda. Nikamwonesha. Nikamwambia kwamba hilo ni neno letu, kwamba asili yake ni chakazi, na maana yake ni sandarusi mbichi, iliyotoka mtini juzi.

Akaniomba nilitamke tena, polepole. Nikalitamka. Akachukua penseli na kikaratasi, akaliandika herufi kwa herufi jinsi nilivyomtajia, akauliza kama a ya mwanzo na ya pili zinatamkwa sawa. Nikamwambia zinatamkwa sawa. Akakitia kikaratasi ndani ya kitabu, kwenye ukurasa ule, akakifunga.

Kisha akaniuliza kama ninataka kuandikishwa kadi ya maktaba, kwa kuwa naishi katika jimbo hilihili. Nikatoa kitambulisho changu. Kwenye fomu nikaandika jina langu na la baba yangu, na nyuma yangu alikuwapo mtoto wa miaka kama sita, amekumbatia vitabu vinne kifuani, anangoja zamu yake.